Pingili si mahindi

Juzi kati tena. Kijana saidia fundi, miaka 26, kaingia na bahasha ya picha kaishika kwa mikono miwili, hata kukaa hajakaa ananiambia "dokta, nimeambiwa pingili zimesagika, kwahiyo kazi ndo basi." Miezi minne hajagusa koleo, analala tu, kodi analipa kaka yake. Mi ni mtu wa fiziotherapia, makuli na wapiga zege ndo wagonjwa wangu wa kila siku, na hili neno kusagika nalisikia kila wiki. Leo limenichosha.

Kwanza nani kaanzisha hilo neno? Kinachosagika ni mahindi. Kilichoandikwa kwenye ripoti yake ni kwamba diski ya L4-L5, ule mto laini kati ya pingili mbili za chini ya kiuno, imepungua maji, imeshuka kidogo na imevimba nyuma kidogo. Basi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao HAWANA maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta diski zilizochoka kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa wenye miaka 30 tayari ni nusu na zaidi. Watu wazima kabisa, wanacheza mpira, wanabeba watoto. Sa we unamwambia kijana wa miaka 26 mgongo wake umesagika, yeye anasikia nini? Anasikia kwamba akiinama tu kitu kitavunjika, anaanza kutembea kama kameza mti, misuli inakaza saa 24, na hiyo misuli iliyokaza nayo inauma, afu anasema si unaona, dokta alisema kweli. Angalia kiganja cha mpiga zege, kimejaa sugu, hamna anayesema kiganja kimekufa.

Na figo, maana wengine wakiumwa kiuno tu wanasema ni figo. Figo iko juu zaidi, chini ya mbavu, na ikiumwa mara nyingi inakuja na homa au mkojo uliobadilika, haijali umeinama au umesimama. Kama maumivu yanabadilika ukipinda mgongo, acha kunywa majani ya figo. Tusonge.

Sasa kinachowaumiza watu wa kazi ngumu ni nini? Ukweli ambao vitabu havipendi kuuweka mbele: kwa wagonjwa karibu 9 kati ya 10 siwezi kukunyooshea kidole nikakwambia ni tishu hii hapa. Inaweza kuwa misuli, maungio madogo ya nyuma, diski, au vyote kwa pamoja. Ila ukiuliza kazi ilikuwaje, stori zinafanana. Huyu kijana alikaa nyumbani miezi miwili hana kibarua, afu akaitwa kumwaga jamvi, siku moja karai toka asubuhi mpaka magharibi. Mwili ulikuwa umeshazoea kupumzika, ukapewa mzigo wa wiki nzima kwa siku moja. Kuli naye anashusha lori alfajiri, ametoka kitandani nusu saa iliyopita, na usiku diski inanyonya maji inajaa, kwahiyo asubuhi mgongo ni mgumu na kuinama kunaivuta diski zaidi kuliko saa nne. Mchanganyaji zege anachota mbele anamwaga pembeni, kuinama na kujipinda kwa mpigo mmoja, mara mia kadhaa. Dereva wa lori habebi kitu ila mtetemo wa kiti unamla siku nzima.

Halafu kuna ile "inama kwa magoti, mgongo unyooke." Hii inanikera kuliko kusagika, kwa sababu inasemwa na watu wa fani yangu. Tafiti za kuwafundisha wafanyakazi kunyanyua zilishapitiwa zikawekwa pamoja mwaka 2008, na hazikuonyesha kwamba mafunzo hayo yanazuia maumivu ya mgongo. Na we jaribu mwenyewe, chuchumaa mbele ya gunia pana la viazi, haliingii katikati ya magoti, linabaki mbele yako, mbali na mgongo, na umbali ndo unaoua, kilo 20 ulizozinyoosha mbele zinaukamua mgongo kuliko kilo 20 zilizobanwa tumboni. Afu paja zinachoka haraka, baada ya gunia la thelathini hamna kuli anayechuchumaa, labda wale wa kwenye mabango. Sisemi uinuke ovyo. Nasema tunamlaumu kuli anavyoinama wakati gunia la lumbesa linapita kilo 100. Fomula ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ya kukadiria uzito wa kunyanyua inaanzia kilo 23, tena ukiwa na mazingira mazuri yote, na mfuko wa saruji tu ni kilo 50. Hapo magoti yatasaidia nini? Punguza gunia, beba wawili, weka mzigo usianzie chini kabisa. Mikanda ya kiuno nayo, WHO mwaka 2023 kwenye mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno walishauri isitumike kama tiba ya kawaida.

Ila naomba haya usiyapuuze: ganzi sehemu unapokalia, mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, mguu kuishiwa nguvu, hiyo ni hospitali leo hii, siyo kesho. Homa za jioni, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usiku, tunatafuta TB ya uti wa mgongo, na ipo, nimeiona kwa vijana waliochuliwa miezi bila kupimwa.

Huyu kijana hana hata kimoja. Nikamwambia hiyo bahasha airudishe kabatini. Tukaanza na kutembea, afu kuinama kugusa sakafu, mara ya kwanza jasho lilimtoka kwa woga, siyo kwa maumivu. Wiki ya tatu anainua ndoo ya lita 20. Jumatatu anarudi saiti, karai nusu, siku tatu kwa wiki, tunaongeza taratibu. Fundi wake nimempigia mwenyewe, kakubali vizuri tu, ila kasema karai nusu ni hela nusu. Na kodi ya chumba haijakatwa nusu. Hapo sina zoezi la kumpa.