Harmonika kwenye bendi ya mtaani: yanayosemwa na yalivyo

"Kinanda cha mdomo ni cha watoto, ukipuliza tu kinalia." Kila anayejiunga na bendi ya ridhaa akiwa na harmonika mfukoni ataisikia hii, na nusu yake ni kweli. Ukipuliza kinalia, tena kinalia vizuri. Kwenye harmonika ya kawaida ya matundu 10 iliyo katika ufunguo wa C, yaani do yake ni C, popote utakapopuliza utapata do, mi au sol, kwa hiyo hata mtoto hakosei. Kazi inaanza unapotaka wimbo. Aliyezoea do-re-mi ya kwaya atashangaa kuona kwamba matundu ya chini hayana fa wala la. Kuzipata ni mpaka uvute hewa huku ukibadili mkao wa ulimi na koo hadi noti ishuke: tundu la 2 likupe fa, tundu la 3 likupe la. Huko ndiko kupinda noti, na ndiko kunakowashinda wengi. Kwenye gitaa utaangalia vidole vya mwenzako ukaiga. Hapa mwalimu hana cha kukuonyesha, kila kitu kinatendeka ndani ya mdomo wake.

Halafu kuna hili linalosikika kama la akili kabisa: bendi ikipiga C, shika harmonika ya C. Mpiga blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, hafanyi hivyo. Matthias Hohner, fundi saa wa Trossingen nchini Ujerumani, alianza kutengeneza harmonika mwaka 1857, na mpangilio uliozoeleka wa noti zake ulifaa nyimbo nyepesi za kienyeji za kwao. Zilipofika kusini mwa Marekani, wanamuziki weusi walizigeuza. Badala ya kuegemea kupuliza, wakaegemea kuvuta. Ukivuta matundu ya 1 hadi ya 4 ya harmonika ya C unapata G, B na D kwa pamoja, yaani do, mi na sol za ufunguo wa G, na noti zinazopindika vizuri ziko hapohapo. Basi bendi ikiwa kwenye G, unashika C. Ikiwa kwenye E, unashika A. Ikiwa kwenye A, unashika D. Sidhani kama wale mafundi wa Trossingen waliwahi kuliwazia hilo.

Ndiyo maana harmonika moja haitoshi, ingawa wenye bendi hudhani inatosha. Mwimbaji akiamka na mafua akaomba wimbo ushushwe nusu toni, kutoka E kwenda E flati, mpiga besi anasogeza vidole na maisha yanaendelea. Mpiga harmonika anapekua mkoba akitafuta harmonika ya A flati, ambayo huenda hakuinunua kwa sababu haiitwi hata mara moja kwa mwaka. Na ukisema "mbona Stevie Wonder anapiga kila kitu na moja tu?", ile ni aina nyingine, kromatiki, yenye kitufe pembeni kinachopandisha noti kwa nusu. Nayo ina shule yake.

"Mpiga harmonika hodari hanyamazi." Hili ndilo linalowafukuzisha watu kwenye bendi. Harmonika inalia kwenye eneo lilelile la sauti ya mwimbaji na gitaa la solo, na mpiga harmonika akipiga mfululizo anawaziba wote wawili. Wapenzi wa dansi wanajua jinsi saksafoni na tarumbeta zinavyomngoja mwimbaji amalize mstari ndipo zijibu. Fanya vivyo hivyo. Kuna nyimbo tatu nzima za kusimama pembeni ya jukwaa mikono mitupu, na hapo asiyejiamini huanza kupuliza ili tu aonekane yupo.

Kuhusu wanaosema harmonika inataka nguvu za mapafu ili isikike, hapana. Hakuna mapafu yanayoshinda drams. Little Walter, mpiga harmonika aliyepigia bendi ya mwimbaji wa blues Muddy Waters kule Chicago, alifunika maikrofoni na harmonika kwa viganja viwili, akaipitisha sauti kwenye amplifaya hadi ikakwaruza na kunenepa. Mwaka 1952 kibao chake kisicho na maneno kilishika namba moja kwenye chati ya R&B ya Marekani. Wapigaji wengi wa baa wanamfuata mpaka leo, pamoja na adha yake: ukifungua viganja vibaya ukiwa karibu na spika, mluzi unatoka na kila mtu anakutazama wewe. Anayetumia nguvu anaua vilimi vya shaba vilivyomo ndani. Vinachoka kwa kupindwa kila siku, noti inaanza kushuka, mara nyingi ile ya kuvuta ya tundu la 4 au la 5, na siku moja katikati ya shoo inagoma. Mwenye mkono mtulivu hukwangua kidogo ncha ya kilimi ili noti ipande tena. Wengine hununua nyingine tu.

Kuiloweka kwenye maji au bia ili ilie vizuri? Wazee walifanya hivyo wakati kiini chake kilikuwa cha mti, nacho kilivimba na kuwachubua midomo. Cha plastiki hakihitaji kuogeshwa.

"Niazime nijaribu kidogo." Hapana. Mate ni mate.

La mwisho ni la mfuko. Watu wanadhani bendi ya mtaani ni mlango wa umaarufu, au basi inalipa. Ujira wa usiku mmoja ukigawanywa kwa watu watano au sita, wengine hubaki na nauli na sahani ya chakula. Mpiga harmonika ndiye wa kwanza kupunguzwa, maana bila besi hakuna bendi lakini bila harmonika ipo. Wanaoitwa tena ni wale wanaoimba pia, au wanaopiga gitaa la rithimu huku harmonika ikining'inia kwenye kishikizo cha shingoni.