Umetajwa kuwa msimamizi wa mirathi? Subiri kwanza, usigawe

Swali ninaloulizwa sana hapa ofisini ni "lini tunagawana?" na mara nyingi anayeuliza ni msimamizi mwenyewe, tena msiba hata mwezi haujaisha. Jibu langu ni lile lile siku zote: kugawa ndo kazi ya mwisho kabisa, kabla yake kuna kazi ya miezi, na ukiruka hatua deni la marehemu linaweza kukurudia wewe mfukoni.

Msimamizi aliyetajwa kwenye wosia, wengine wanamwita wasii, sio mwenye mali. Anaweza akawa mrithi pia, hiyo haina shida, ila kwenye usimamizi yeye ameshika amana ya watu. Na kutajwa tu hakukulazimishi. Kama huiwezi hiyo kazi sema mapema kabla hujagusa kitu, maana ukishaanza kuuza vyombo au kudai madeni ya marehemu unaweza kuhesabiwa kuwa umeshakubali, hapo kujitoa kunakuwa kugumu.

Kinachotuletea kesi nyingi ni kadi ya benki. Yaani marehemu kaacha kadi, kuna mtu nyumbani anajua namba ya siri, jioni ya mazishi anaenda kwenye mashine anatoa hela ya kuhudumia wageni. Nia nzuri kabisa, sikatai. Lakini taarifa ya benki ina tarehe, na mwaka mmoja baadae kuna ndugu kaishika ile karatasi, miamala minne ya baada ya tarehe ya kifo kaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, anauliza nani alitoa. Ruhusa ya kutumia akaunti iliisha siku mwenyewe alipofariki, hata ile barua ya uwakala aliyokuandikia akiwa hai nayo iliisha siku hiyo hiyo. Gharama za mazishi za kawaida zinalipwa na mirathi tena zinatangulia madeni mengi, kwa hiyo toa zako, tunza risiti, utarudishiwa.

Baada ya hapo tafuta wosia halisi (sio kopi), cheti cha kifo, uende mahakamani kuuthibitisha. Ukishapata hati ya mahakama ya usimamizi ndo unaenda benki na kwingineko, unafungua akaunti ya mirathi peke yake, hela ya marehemu isichanganyike na mshahara wako hata kwa siku mbili. Orodhesha kila kitu, pamoja na hela ambazo watu walikuwa wanadaiwa na marehemu. Ila angalia, sio kila kitu kinaingia kwenye mirathi: bima ya maisha yenye jina la mnufaika kwa kawaida inaenda kwake moja kwa moja. Na nyumba isiachwe paa linavuja wakati mnasubiri makaratasi, kutunza mali ni jukumu lako.

Sasa madeni. Kila nchi ina mpangilio wake ila kwa ujumla gharama za mazishi na za usimamizi zinatangulia, mkopo wenye dhamana unalipwa kutoka kwenye ile mali iliyowekwa dhamana, kuna kodi, afu wadai wa kawaida, warithi wanakuja nyuma ya hao wote. Kwenye sheria ya Kiislamu pia deni linalipwa kabla ya wasia, na wasia wenyewe hauvuki theluthi moja ya kinachobaki warithi wasiporidhia. Wadai huwajui wote, kwa hiyo unatangaza. Uingereza kwa mfano, Sheria ya Wadhamini ya 1925 inataka tangazo liwape wadai angalau miezi 2, na msimamizi aliyetangaza vizuri akagawa baada ya hapo, mdai ambaye hakumjua akijitokeza hawezi kumbana yeye binafsi.

Na hela zisipotosha? Tuseme mali yote ni 100, madeni na gharama 40, imebaki 60. Wosia unasema Asha apewe 60 na Juma 30. Wengi wanampa Asha zote kwa sababu katajwa wa kwanza, hapana. Zawadi za hela za aina moja zinapunguzwa kwa uwiano, Asha 40 Juma 20, labda wosia wenyewe uwe umesema nani atangulie. Ukimpa Asha 60 zake ile pengo ya Juma anaweza kukudai wewe, na Asha keshajengea.

Kingine ni kujiuzia. Unaipenda gari ya marehemu, unajipangia bei, unainunua au unamwandikisha mkeo. Hata kama bei ilikuwa ya haki warithi wanaweza kwenda mahakamani mauzo yakafutwa, kwa hiyo pata kwanza ridhaa yao wote kwa maandishi na tathmini ya mtu wa nje.

Ndugu wakikupigia simu kila Jumapili kwamba unachelewesha, waonyeshe daftari lako la hesabu za mirathi. Uingereza sheria nyingine ya huo huo 1925 haimlazimishi msimamizi kugawa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kifo, na nchi nyingine zina muda wao wa kupeleka orodha ya mali na hesabu mahakamani, uliza karani wa mahakama siku ile ile unayochukua hati. Siku ya kugawa ikifika bakiza kiasi kwa ajili ya kodi ambayo haijakadiriwa, kila mrithi asaini alichopokea mbele ya shahidi, na mtoto ambaye hajafikisha umri fungu lake usimkabidhi mjomba wake tu kwa sababu ndo anakaa nae, lishikwe kwa jina la mtoto kama wosia au mahakama ilivyoelekeza.