Burundi 1972: Yanayosemwa Kuhusu Ikiza na Yaliyotokea

"Warundi walianza kuuana 1993." Kauli hii utaisikia hata kwa watu wanaofuatilia habari za Maziwa Makuu. Ni kweli kwamba Oktoba 21 mwaka huo wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, kisha raia Watutsi wakauawa vijijini na jeshi likaua raia Wahutu. Lakini Ndadaye mwenyewe mwaka 1972 alikuwa mwanafunzi wa ualimu Gitega, akakimbilia Rwanda kuokoa roho yake. Kipindi kile Warundi wanakiita Ikiza, yaani balaa. Kwa miezi michache kiliondoka na watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, zaidi ya miaka 20 kabla ya Rwanda ya 1994.

Dhana: Vilikuwa vita vya Wahutu na Watutsi

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu neno "vita" linamfuta mwanafunzi aliyetolewa darasani akauawa.

Uasi ulikuwepo. Aprili 29, 1972 waasi Wahutu walishambulia Bujumbura na miji ya kusini kando ya Ziwa Tanganyika, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi kwa mamia, pengine zaidi ya elfu. Wengi wao walikuwa raia wasio na hatia, na msiba wao haufai kupitwa harakaharaka.

Uasi ulizimwa mapema. Kilichofuata hakikuwa mapigano. Serikali ya Rais Michel Micombero, Mtutsi kutoka Bururi kusini mwa nchi, kwa mkono wa jeshi na vijana wa chama tawala cha UPRONA walioitwa JRR (Jeunesse Révolutionnaire Rwagasore), iliwasaka Wahutu waliosoma nchi nzima, hata mikoa ambayo haikuwa imesikia mlio wa risasi. Majina yaliandikwa kwenye orodha. Walimu, wauguzi, makarani, mapadri, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu waliitwa kwa majina, wakapakiwa kwenye malori, wasirudi tena. Askari Wahutu waliuawa na wenzao wa jeshi lilelile. Aliyechukuliwa alipachikwa jina la umumenja, yaani msaliti, na mjane wake hakuweza kumlilia hadharani. Miaka iliyofuata wazazi wengi Wahutu waliogopa kupeleka watoto shule, maana walishaona kalamu ilivyomponza mtu.

Dhana: Ni chuki ya asili

Wahutu, Watutsi na Watwa wa Burundi wanazungumza Kirundi kilekile na wameishi kwenye vilima vilevile. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliwaunganisha Wahutu na Watutsi katika chama cha UPRONA, kikashinda uchaguzi wa 1961, naye akauawa Oktoba mwaka huohuo. Herufi ya mwisho ya JRR ni jina lake. Kila nikikumbuka kwamba vijana waliotumwa kukamata watu walibeba jina la Rwagasore, nakosa la kusema.

Kilichogombewa ni madaraka. Mwaka mmoja tu kabla ya Ikiza, watawala Watutsi waliotoka mkoa wa Bururi waliwafikisha mahakamani Watutsi wenzao wa mkoa wa Muramvya kwa tuhuma za kutaka kupindua serikali.

Dhana: Dunia haikujua

Ilijua. Mei 1972 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Gaston Eyskens, alikuwa tayari ameyaita mauaji hayo mauaji ya kimbari. Mwezi huohuo Diallo Telli, Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), alifika Bujumbura na kutangaza mshikamano na Micombero.

Dhana: Wakimbizi wa 72 walikuwa wapita njia

Waliovuka kuingia Tanzania walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa na kuzika huko. Kuanzia 2014, watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Dhana: Ni mambo ya zamani, ushahidi haupo

Mapema 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoani Karusi. Ilitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari walizokuwa nazo siku walipopakiwa kwenye malori.