Usiniulize miti mingapi, niulize udongo kiasi gani: dhana potofu kuhusu mji wa kijani

Dhana: “Mti ni mti. Chimba shimo, panda, mwagilia, utakua.”

Kila mradi wa kupendezesha mji huanza na idadi ya miche, hata kabla ya kujua itasimama juu ya nini. Miaka michache baadaye miti imedumaa, ncha za majani zimekauka, na lawama zinatupiwa jua, moshi wa magari au kitalu kilichouza miche. Mara nyingi tatizo liko chini ya lami.

Tupige hesabu. Kipimo kinachotumika sana ni mita za ujazo 0.6 hivi za udongo kwa kila mita ya mraba inayofunikwa na matawi. Mti uliotanda kipenyo cha mita 8 unafunika takriban mita za mraba 50, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 30. Shimo la pembeni mwa barabara, mita 1 kila upande, lina mita ya ujazo 1. Hapo umepanda ua la chunguni, tena kwa gharama ya mti.

Nje ya shimo hilo ardhi imeshindiliwa ili ibebe barabara, na hewa haipiti. Mizizi inajikunja au inapanda juu, chini kidogo ya vitofali, ambako inapata hewa na unyevu. Vitofali vikiinuka, fundi anakuja na shoka kuikata karibu na shina, halafu watu wanashangaa mti ulivyoangushwa na upepo.

Mizizi mingi hukaa ndani ya sentimita 60 za juu, kwa hiyo chimba kwa upana, si kwa kina. Unganisha mashimo yawe mtaro mmoja ambao miti inagawana. Pale ambapo lazima watu wapite juu yake, jaza mawe makubwa, yashindilie, kisha sukuma udongo kwa maji uingie kwenye mianya. Mji wa Stockholm, Sweden, hutumia mawe ya milimita 100 hadi 150, na huacha njia ya hewa na maji kutoka juu. Ila usidanganyike: mianya ni theluthi moja hivi tu ya ujazo wote, kwa hiyo usihesabu mtaro mzima kuwa udongo.

Siku ya kupanda, shimo liwe na upana mara 2 hadi 3 ya bonge la mizizi, kina kisizidi urefu wa bonge hilo. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi pabaki panaonekana. Ukipafukia, gome linaoza. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba ikate. Matandazo sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Vigingi vinavyoshikilia mti viondolewe baada ya mwaka mmoja, tafadhali. Kamba iliyosahaulika hunyonga mti.

Dhana: “Vitofali vinavyopitisha maji vinamaliza mafuriko.”

Vinasaidia ikiwa chini yake kuna tabaka nene la kokoto safi zisizo na vumbi. Viungo kati ya vitofali vijazwe kokoto ndogo, si mchanga laini, na vifagiliwe na kunyonywa uchafu mara kwa mara. Kwenye udongo wa mfinyanzi weka na bomba lenye matundu la kutolea maji, la sivyo umejenga bwawa.

Dhana: “Mji wa kijani ni nyumba zilizotawanyika, kila moja na bustani yake.”

Kinyume chake. Kutawanyika kunarefusha barabara na mabomba, na mtu hawezi kununua hata mkate bila gari.

Dhana: “Panua barabara, foleni iishe, moshi upungue.”

Nafasi mpya huita magari mapya. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ilianza kubomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon mwaka 2003, na 2005 ikafungua kijito mahali pake. Mji haukusimama.

Dhana: “Miti inatoboa mabomba.”

Mzizi hufuata unyevu. Ukiukuta ndani ya bomba, mara nyingi kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja tayari. Rekebisha kiungo, acha mti.