Msalaba wa Kijiji: Ngazi za Mawe Zilizobeba Maisha ya Watu

Katika vijiji vingi vya kale vya Uingereza utakuta ngazi chache za mawe na juu yake kipande cha nguzo kilichokatika. Wengi hudhani ni kaburi. Huo ni msalaba wa kijiji wa Zama za Kati, nami huwaomba wageni wa makumbusho yetu waanze kutazama ngazi. Hapo ndipo watu walipoketi, wakapanga siagi na mayai ya kuuza, na mpiga mbiu akapanda ili asikike.

Msalaba wa uani mwa kanisa ulikuwa na kazi yake. Jumapili ya Matawi maandamano yalitoka kanisani, yakasimama mbele yake na watu wakapiga magoti. Mitende haioti huko, hivyo walibeba matawi ya miti ya kwao. Biashara nayo ilipenda kuingia uani humo, hata Mfalme Edward wa Kwanza akapiga marufuku, mwaka 1285, magulio kwenye viwanja vya makanisa. Sokoni pia palisimama msalaba. Bei iliyokubaliwa mbele yake ilikuwa na mashahidi, na kwa watu wengi wasiojua kusoma, ushahidi wa macho na masikio ulikuwa na uzito kuliko karatasi.

Kisha yakaja Mageuzi ya dini ya karne ya 16, Waprotestanti wengi wakaiona misalaba kuwa ibada ya sanamu, na mwaka 1643 Bunge likaamuru iondolewe. Ndiyo sababu mingi imebaki bila kichwa. Lakini tazama: miaka 10 tu baadaye, sheria mpya ya ndoa iliruhusu wachumba watangazwe sokoni, siku tatu za gulio, badala ya kanisani. Msalaba ulikuwa umekatwa, ila watu walijua bado ni wapi jambo la wote husemwa.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Ampney Crucis, kijiji cha Gloucestershire. Kichwa cha msalaba wake, chenye michongo ya Yesu msalabani na ya Maria na Mtoto, kilikutwa katika karne ya 19 kikiwa kimezibwa ndani ya ukuta wa kanisa. Mwashi aliyekizibia humo hakukivunja. Leo kimerudi uani, juu ya nguzo yake, penye mvua na jua.