Dhamana ya Leta haifuti deni lako

"Leta njo atalipa", yaani Serikali ndiyo italipa. Maneno haya nimeyasikia tena Jumanne kwa mama anayetaka kufungua duka la nyuzi za kufuma, sindano na shanga karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Wateja wake anawajua kwa majina, na anajua rangi ipi inaisha kwanza. Ila amekwisha kuamini kwamba mkopo wenye dhamana ya Serikali, biashara ikianguka, haumdai mtu. Nimechoka na imani hii kwa sababu nimeona watu wakipoteza kiwanja kwa ajili yake.

Mfuko wa dhamana, kama FOGEC, ule wa Serikali unaodhamini mikopo ya wajasiriamali, unaiahidi benki. Wewe haujakuahidi kitu. Tupige hesabu, riba tuiache kando: umekopa dola 6,000, umerudisha 2,000, ukashindwa. Zimebaki 4,000. Tuseme dhamana inabeba nusu ya hasara. Mfuko utailipa benki 2,000. Sasa unadaiwa na wawili, benki 2,000 na mfuko 2,000. Deni ni lilelile! Sheria ya OHADA, yaani sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika kwetu tangu 2012, inampa mdhamini aliyelipa nafasi ya mdai pamoja na haki zake, na kama uliweka rehani, nayo imo. Benki nyingine ukiiendea baadaye, inaweza kuyakuta hayo yote kwenye kumbukumbu za mikopo za Benki Kuu.

Faida ya dhamana iko kwingine: asiye na nyumba ya kuweka rehani anasikilizwa, maana hasara ya benki imepungua. Hilo si dogo.

Wengine wanadhani pesa zinatoka ofisi ya Serikali. Zinatoka benki au mikrofinansi, na ndiyo inayoamua. Anayekuomba dola 100 ili "asukume" dosie yako, yaani faili la maombi, anakuibia.

Kuhusu FPI, mfuko mwingine wa Serikali: ulianzishwa 1989 kwa ajili ya viwanda. Duka linalouza nyuzi zilizopita mpaka wa Kasumbalesa si kiwanda.

Halafu kuna dhana ninayoisikia hata kwa watu wa benki, kwamba duka la vitu vya kupitishia wakati, iwe nyuzi, rangi za kuchorea au kamba za gitaa, si biashara. Afisa wa mikopo hana haja ya kujua kufuma, anataka kuona mauzo. Kwa hiyo naomba daftari. Miezi sita, kila jioni: ulichouza, bei yake, na ulichoulizwa ukakikosa. Safu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko mpango wa biashara uliochapwa vizuri na mtu asiyejua duka lako, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mkopo utanunua nini.

Daftari litakuonyesha pia majira. Sufu inatoka sana baridi inapoingia, Mei hadi Julai. Joto la Septemba likija, rafu zinatulia lakini benki inadai kila mwezi. Omba mapema, mzigo ufike kabla ya Mei, na ujadiliane tarehe ya malipo ya kwanza kabla ya kutia sahihi. Namba ya RCCM, yaani ya daftari la biashara, iwe tayari kutoka Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara. Usiikimbilie siku dosie imekwama.

Yule mama hana daftari bado. Nimempa moja.