Je, wajua daktari wa meno hulitambuaje doa jeusi la mdomoni?

Mtu anapiga mswaki, anaona doa la rangi ya wino kwenye ufizi, na papo hapo anawaza saratani. Mara nyingi siyo. Ila rangi peke yake haisemi mengi, ndiyo maana daktari huanza kwa kuuliza: lilianza lini, na liko upande mmoja au pande zote?

Weusi wa kawaida ni wa melanini, ile ile inayoipa ngozi rangi. Chembe zinazoitengeneza zimo kwenye fizi za kila mtu, awe mweusi au mweupe. Tofauti ni wingi wa melanini inayotoka. Weusi huo huwapo tangu utotoni au ujanani, hulingana kulia na kushoto, na ufizi hauvimbi. Kuukwangua ni urembo, si tiba.

Doa moja la kijivu kando ya jino lililozibwa zamani ni jambo jingine. Amalgamu, mchanganyiko wa zebaki, fedha, bati na shaba uliotumika kuliziba, humeguka jino linapochongwa au kung'olewa. Punje zake huzama kwenye nyama na kubaki humo miaka nenda miaka rudi, kama chale iliyotiwa wino. Eksirei huzionesha zikiwa nyeupe, ingawa zilizo ndogo mno hazionekani kabisa.

Doa la zambarau hubonyezwa kwa kipande cha kioo. Likififia, ni damu iliyomo ndani ya mishipa. Lisipofifia, huenda damu imevujia kwenye nyama, au ni uvimbe kama sakoma ya Kaposi, aina ya saratani.

Mabaka mengi yakizuka ukubwani, daktari ataulizia sigara na dawa. Klorokwini, kwa mfano, huweza kulitia kaakaa weusi. Atafikiria pia tezi zilizo juu ya figo: daktari Mwingereza Thomas Addison alieleza mwaka 1855 jinsi ugonjwa wa tezi hizo unavyoifanya ngozi iwe nyeusi, na mdomo nao hausalimiki. Na vidoa vilivyotapakaa kwenye midomo na kuizunguka tangu utotoni huweza kuashiria vinyama vilivyoota ndani ya utumbo.

Melanoma ya mdomoni, saratani ya chembe zinazotengeneza melanini, ni adimu, lakini hupenda kaakaa na fizi za juu, na mwanzoni kwa kawaida haiumi. Kwa hiyo doa jipya la hapo, lisilo na sababu inayojulikana, hukatwa kipande kwa ganzi na kupelekwa maabara, hata kama mwenyewe hasikii chochote.